Mwaka Tulioweka Jando Mbele

Mama Tatu, jirani yangu, alikuja juzi na mwanawe mkononi, kanga ameitupia begani hovyo, nikajua hakuja kuomba chumvi. Shuleni wamesema watoto watachanjwa. Mumewe anasema wachanjwe, mama mkwe wake anasema waachwe kama walivyoumbwa. "Bibi," akaniambia, "wewe ndiye uliyeugua. Niambie tu nifanye nini."

Nikamwambia akae chini.

Alipoondoka nikaona heri niandike, maana wako wengi wanaotaka kuniuliza na wananiogopa. Waniogope tu. Sipendi mtu anayeuliza hali keshajiamulia moyoni. Mimi si daktari, sijui dawa ikiingia mwilini inakwenda wapi wala inafanya nini huko. Nitasema niliyoyaona na yaliyonipata mwilini mwangu, basi.

Wakati huo Mwingereza alikuwa bado anatawala, ingawa habari za uhuru tulianza kuzisikia sokoni Newala. Sisi tulikaa juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Huko juu udongo ni mzuri, mihogo inakubali, mikorosho inakubali, lakini maji hakuna. Maji yako chini bondeni. Mwanamke aliteremka gizagiza na kurudi jua limeshakuwa kali, na alichopata ni mtungi mmoja wa kupikia, kunywea na kuogea watu wote wa nyumba. Likumbukeni hilo la maji.

Mume wangu, Baba Somoe, alikuwa Mmakua wa Masasi. Alinioa akaja kukaa kwetu, kama ilivyokuwa desturi. Tulikuwa na watoto wawili. Somoe ndiye wa kwanza, binti, na wa pili ni Issa. Wote walikuwa wanasoma shule ya kijijini.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Baba hulisha, hulima, hupenda, lakini jambo kubwa likija, mjomba ndiye anayekohoa na watu wakanyamaza. Mjomba wa wanangu alikuwa kaka yangu Chilumba. Msimdhanie mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, watoto walimng'ang'ania miguuni, na Issa alimpenda kuliko alivyonipenda mimi.

Mwaka ule, mavuno yalipokwisha na baridi ya kiangazi ikaingia, kaka alitangaza jando. Ngariba ameitwa, kumbi limejengwa porini, unga wa sherehe umetwangwa. Ndipo mwalimu alipokuja nyumbani mwenyewe. Akasema dresa wa Newala, yule mhudumu wa zahanati ya serikali, anakuja kuwachanja wanafunzi wote dhidi ya ndui, na siku yenyewe itaangukia wakati wavulana wamo kumbini. Je, hawawezi kuchelewa kidogo kuingia?

Mwalimu alipoondoka tulikaa barazani, mimi, mume wangu, kaka, na watu wengine wa ukoo.

"Shemeji," Baba Somoe akaanza, "mimi nilichanjwa nilipokuwa manamba kwenye mkonge huko Lindi. Mkono unauma kidogo, unapona. Tungoje dresa apite, watoto wapone, ndipo waingie jandoni. Kuna ubaya gani?"

Kaka akacheka. "Kungoja! Unga nao utangoja? Au unataka Issa wako abaki peke yake, aingie mwakani na vitoto vinavyonuka maziwa, vimwite babu?"

Watu wakaangua kicheko. Hata Baba Somoe alitabasamu kidogo. Kisha akasema, "Basi dresa aende huko huko kumbini. Ni mwanamume, na jando amepitia."

Hapo kaka hakucheka. "Mgeni aingie kumbini kwangu na chuma chake? Kidonda kimoja hakijapona, aongeze cha pili? Damu ya mtoto aliye jandoni haiguswi na mkono wa mtu ambaye hatukumwita. Shemeji, tunakushukuru kwa mtoto. Lakini mtoto ni wetu."

Baba Somoe akainama, akawa anachora chini kwa kijiti. Kaka akanigeukia. "Na wewe, mama mtu?"

Wanawake wa siku hizi wakinisikiliza hapa hunihurumia, wanadhani nililazimishwa. Sikulazimishwa na mtu. Niliulizwa mbele ya watu na nikajibu kwa sauti yangu: jando kwanza, chanjo mwakani. Nilisema hivyo kwa kuwa niliamini hivyo. Ndui niliisikia tu katika hadithi za wazee. Mtoto kuchekwa na wenzake nilikuwa nimekuona.

Issa akaingia kumbini. Somoe, kwa kuwa ni mwanamke na jando halimhusu, akaenda shule siku ya dresa akachanjwa. Mkono ukamvimba, akapata homa, akalala siku mbili tatu bila kula. Nilimlaani dresa mpaka majirani wakasikia. Nikamwambia mume wangu, "Unaona? Ungetaka na Issa awe hivi, na kidonda chake kule?" Kidonda cha Somoe kikaota kigaga, kigaga kikabanduka, likabaki kovu la mviringo. Nikaona wameniharibia binti.

Kipindi mtoto yuko jandoni mama naye ana miiko yake. Sikutia chumvi kwenye chakula, sikupaka mafuta, sikugombana na mtu, ili kidonda chake kipone. Jua likikaribia kuzama nilisimama nyuma ya nyumba nikazisikia sauti zao zikiimba huko porini, nikajaribu kuitambua ya kwake. Nilizishika zile taratibu moja moja, na Mungu ni shahidi, zilitimia. Issa alitoka kumbini mzima, kichwa kimenyolewa, mwili unang'aa mafuta, nguo mpya, macho ameyainamisha kwa adabu kama alivyofundishwa. Kaka alimbeba mabegani. Tulipiga vigelegele mpaka koo zikauma.

Nayasema haya mjue kwamba hatukuwa watu wasiowajali watoto wao.

Msimu wa korosho ulipoanza, watu wakawa wengi njiani, vibarua wanakuja, wengine wanapita. Tukasikia kuna ndui upande wa Ruvuma. Mwalimu akasema ametuma habari Newala, dresa atarudi. Kabla hajarudi, Issa alitoka shambani anajikokota. "Mama, mgongo," akasema. Nikamwambia asiwe mvivu, korosho hazijiokoti zenyewe. Usiku ule homa ilimfanya atetemeke mpaka kitanda kikalia. Baadaye homa ikashuka kidogo, nikafurahi. Kisha nikaona vipele usoni, na viganjani, mahali ambapo upele wa kawaida hauoti.

Jumbe akaamuru mgonjwa atolewe kijijini. Kaka Chilumba alijenga kibanda mwenyewe, mbali, katikati ya mikorosho, hakutaka mtu amsaidie. Akaitwa Bibi Nambole, kikongwe aliyeugua ndui utotoni, uso wake wote matundu. Watu waliokwisha kuiugua ndio waliouguza wengine. Alisimama mlangoni mwa kibanda, fimbo mkononi, kama askari.

"Nani kati yenu ana alama?" akauliza.

Baba Somoe akaonyesha kovu lake la Lindi. Somoe akaonyesha lake. Mimi sikuwa na cha kuonyesha.

"Wewe rudi nyumbani," akaniambia.

"Yule ni mwanangu."

"Sikukuuliza ni wa nani. Huna alama. Utajiua bure, na mimi nitapata wagonjwa wawili."

Nikampita nikaingia. Akatema mate pembeni, akasema, "Haya. Lala upande ule, nisikukanyage."

Ngozi ya mgonjwa wa ndui ikikomaa usaha, hawezi kulalia mkeka. Mkeka unashika, akigeuka unabakia na ngozi yake. Bibi Nambole alitaka majani ya migomba, mabichi, yabadilishwe kila mara, na alitaka maji. Majani yako bondeni na maji yako bondeni. Mimi niliyezoea kuteka nimefungiwa kibandani. Basi Baba Somoe akaenda. Mwanamume kubeba mtungi kichwani kwetu lilikuwa jambo la kuchekesha watoto. Alipopanda mlima, wanawake kisimani walimwekea wimbo.

"Mwali mpya huyo! Kungwi wako nani, Baba Somoe?"

"Kata yako ya kichwani umesukia wapi? Imekaa upande!"

Alituambia mwenyewe, akiwa amesimama nje ya mlango na maji yanamchuruzika masikioni. Issa, aliyekuwa amevimba hata sura haijulikani, alicheka. Alicheka, midomo ikapasuka, akaendelea kucheka. Kile kicheko ninacho mpaka leo.

Kila asubuhi kaka alikuja mpaka kwenye kijiti alichokiweka Bibi Nambole kuwa mpaka. Haruhusiwi kukipita, hana alama. Anaita kutoka pale: "Issa! Umeamkaje, mjomba?"

"Nimeamka, mjomba."

Siku hizo macho ya Issa yalikuwa yamefumba kwa uvimbe, usaha umeingia mpaka kwenye kope. Tulisema, uvimbe ukishuka yatafunguka. Asubuhi moja kaka akaita kama kawaida, na Issa hakujibu salamu. Aliuliza, "Mjomba, mbona leo hakuchi?"

Jua lilikuwa limeshapanda. Mwanga ulikuwa umepita katikati ya makuti, umemlalia kifuani. Nilichungulia nikamwona kaka amechuchumaa palepale kwenye kijiti, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Mimi nilianguka Issa alipoanza kukauka vigaga. Mgongo ulianza, kama ulivyomwanza yeye, na nikakumbuka nilivyomwita mvivu. Yale maumivu ni kama mtu anakuvunja kuni kiunoni. Halafu homa, halafu vipele. Mdomoni vilinijaa mpaka kooni, mate yakawa mzigo. Harufu yangu mwenyewe ilinitapisha. Nilijisikia ngozi si yangu, nimevishwa gunia la moto. Nywele zilibaki kwenye majani ya migomba kila nilipogeuka.

Bibi Nambole alikuwa mzee, hakuweza watu wawili. Kwa hiyo Somoe akaingia.

Hilo ndilo ninalotaka mlisikie, mkiyasahau mengine yote. Binti yangu, ambaye hata matiti yalikuwa hayajaota, aliingia katika kibanda kile akalala katikati yetu, mimi kulia, Issa kushoto. Alitupaka majivu na mafuta. Alinilisha uji kwa kidole, maana kijiko kiliniumiza. Alizifua nguo zenye usaha wetu. Alimkumbatia ndugu yake alipolia. Nami nilikuwa ninamtazama kila kulipokucha, ninamkagua uso, ninakagua viganja, ninangoja mgongo uanze kumuuma. Haukuuma. Siku zikapita, hakupata hata kipele kimoja. Nililala pale nikiangalia lile kovu la mkononi mwake, lile nililomlaania dresa, lilikuwa karibu kabisa na pua yangu kila alipoinama kunilisha.

Watoto wawili wa tumbo moja, sahani moja, shule moja. Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia.

Siku moja nilimwambia, "Mwanangu, nisamehe kwa maneno niliyosema juu ya mkono wako." Akasema, "Meza kwanza, mama. Unamwaga."

Mvua za kwanza zilipoanguka tulitolewa. Bibi Nambole alituogesha kwa maji aliyochemshia majani, kibanda kikachomwa moto pamoja na kila kilichokuwemo. Macho ya Issa yalikuwa yamefunguka kweli. Yalikuwa meupe, kama ndani ya nazi.

Tulipanda lori la korosho mpaka Masasi, kwenye hospitali ya misheni. Lori liliteremka kutoka uwandani, na Issa akauliza kama ile milima ya mawe ya Masasi imeshaonekana, maana baba yake alikuwa amemsimulia tangu mdogo. Baba yake akasema bado, ingawa tulikuwa chini yake. Nadhani hakutaka kuanza kumwelezea kitu.

Barazani pa hospitali palikuwa na mabenchi marefu. Tulipoketi, benchi letu likaachwa tupu. Watu waliona madoa yetu mapya, wakahamia kwenye jua. Ni mama mmoja tu, Myao, mgongoni ana mtoto wa kikohozi, aliyebaki mwisho wa benchi. Baada ya muda akafungua kitambaa chake, akamega muhogo wa kuchemsha, akauweka mkononi mwa Issa. Sikumjua jina. Kila nikila muhogo namwombea.

Daktari Mzungu alimnyanyua Issa kope, akawasha taa ndogo, akamgeuza huku na huku. Kisha akaongea na kijana mkalimani. Kijana yule akawa anajikwaa. "Anasema... macho yamekwisha. Hayarudi." Halafu akauliza swali la daktari: je, shuleni kwao hawakuchanjwa?

Baba Somoe ndiye aliyejibu. "Alikuwa jandoni."

Daktari akaandika kitu, akamshika Issa kichwa kidogo, akaita mgonjwa mwingine.

Mume wangu hakuwahi kuniambia, "Nilisema mimi." Wala siku ile, wala baadaye. Ningependa angesema. Angesema tungegombana, yangekwisha. Alitupandisha kwenye lori la kurudi, yeye mwenyewe akabaki Masasi kwa ndugu zake. Masika yote alikuwa huko. Nilipalilia peke yangu na uso ambao watoto waliukimbia. Zile nembo nilizochanjwa usoni nilipokuwa mwali, zilizonifanya niitwe mzuri, ndui ilizila. Mashimo yaliingia kwenye mistari, mistari ikapotea. Kioo changu nilikigawa.

Mahindi yalipokauka Baba Somoe alirudi, kabeba kamba ndefu ya katani. Hakunisalimu kwanza. Alifunga kamba kwenye nguzo ya baraza, akaivuta mpaka chooni, kisha mpaka kwenye mkorosho ambao Issa alipenda kukaa chini yake. Akamshikisha mtoto kamba. "Tembea," akamwambia. Issa akatembea. Ndipo mume wangu akaniuliza kama kuna chakula.

Na kaka Chilumba? Hakufanya mzaha tena, na watoto wakaacha kumng'ang'ania. Watu walidhani hatatangaza jando lingine. Miaka miwili haikupita, akatangaza. Ila kabla ya kumwita ngariba, alikwenda Newala kwa miguu akamleta dresa. Wavulana wote wakachanjwa, wakaachwa wapone. Siku ya kuingia kumbini alimchukua Issa, akamkalisha kwenye kigoda penye njia. Kila mvulana alipita mbele yake, na Issa akampapasa mkono kutafuta kovu la chanjo.

"Huyu analo. Apite. Huyu analo." Halafu akamshika mmoja, akarudia kupapasa. "Mjomba, huyu hana."

Mama wa yule mtoto alikuwa amemficha siku ya dresa. Akaanza kupiga kelele kule nyuma tulikokuwa tumesimama wanawake. "Wenzake wote wanaingia! Mnataka mwanangu achekwe?"

"Achekwe," kaka akasema. "Mrudishe nyumbani."

Nilikuwa nimesimama karibu naye yule mama. Alinigeukia nimtetee, akauona uso wangu, akaenda kumchukua mwanawe.

Kaka amekufa, Baba Somoe amekufa. Wote nimewazika nikiwa sina kinyongo nao, kinyongo nilichonacho hakina wa kumpa. Somoe ana wajukuu. Issa ni mtu mzima, anasuka mikeka inayouzwa mpaka Lukuledi, na yuko hapa barazani ninapoandika.

Alikuwepo pia siku ya Mama Tatu. Nilipomaliza kusema haya yote, yule mtoto Tatu alikuwa amenikodolea macho. "Bibi," akauliza, "hizo nembo zako zilikuwaje?"

Nikafungua mdomo kumweleza, nikaona siwezi. Sikumbuki tena. Paji la uso nakumbuka kidogo, lakini mashavuni nimesahau mistari ilikwenda wapi.

Issa akauweka mkeka chini. Akalainisha mchanga kwa kiganja, akaanza kuchora kwa kidole, polepole, hakukosea hata mahali pamoja. Mistari iliyopanda kuelekea sikioni, pembe zinazofuatana, ile alama ndogo juu ya pua. Yeye peke yake ndiye aliyebaki na uso wangu. Uso huu wa sasa hakuwahi kuuona, na nilipowahi kuuchukua mkono wake aupapase aliuvuta, akasema huo si wangu.

Tatu akafurahi sana. Akamsogelea. "Na mimi, babu? Nichore na mimi!"

"Wewe siwezi," Issa akamwambia. "Wewe sijakuona."

Mama Tatu akasimama. Akajifunga kanga yake vizuri, akamshika mwanawe mkono, akaniuliza shule hufunguliwa saa ngapi.